Brashi tatu, rola mbili na kuta za aina mbili: tathmini baada ya mwaka mmoja

Mwezi wa Shaabani wa mwaka jana, wakati mji mzima unanuka rangi kwa sababu kila mwenye nyumba anataka Ramadhani imkute ukumbi wake ukiwa msafi, niliamua kupaka nyumba mbili kwa mpigo mmoja: nyumba yetu ya matofali ya saruji iliyopo Fuoni, na vyumba viwili vya nyumba ya wazee iliyopo Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Vifaa vyote nilivinunua siku moja katika duka la vifaa vya ujenzi lisilo mbali na soko la Darajani: brashi tatu za inchi 3, rola mbili za inchi 9, trei, skrepa, msasa na selotepu ya karatasi. Tangu siku hiyo nimefanya kazi nne, kwa rangi ya maji na kwa rangi ya mafuta, na sasa naona nina haki ya kuvisemea. Namuomba msomaji aelewe mapema kwamba sikuvipima kwa jinsi vilivyopaka siku ya kwanza, kwa kuwa siku ya kwanza karibu kila brashi hupaka. Nilivipima kwa hali viliyokuwa nayo nilipovirudia, baada ya kuoshwa, kukauka na kukaa stoo katika unyevu wetu huu wa kisiwani wenye chumvi ndani yake.

Brashi ya kwanza ilikuwa ile ya bei ya chini kabisa, yenye mpini mwekundu, ambayo wauzaji huifunga kwa dazeni na kuiuza kama njugu. Ukizipanua nywele zake kwa vidole utaona kwamba katikati kuna kipande kikubwa cha mbao na nywele zimezunguka kingo tu. Kipande hicho kimo karibu katika kila brashi, kwa sababu nafasi inayoachwa na mbao ndiyo inayohifadhi rangi, lakini katika brashi nzuri huwa chembamba. Hapa kilikuwa kimechukua zaidi ya nusu ya tumbo, kwa hiyo brashi inayoonekana nene haishiki rangi ya kutosha, na mpakaji hulazimika kuchovya kila baada ya kupitisha mkono mara moja au mbili. Katika ukuta mmoja wa ukumbi niliokota nywele kumi na moja zilizonasa ndani ya rangi, na nyengine niliziona baada ya rangi kukauka, wakati ambapo hapana la kufanya isipokuwa kupiga msasa na kurudia. Dosari kubwa zaidi ilijitokeza wiki tatu baadaye. Bati linaloshika nywele lilikuwa limeingia kutu, na nilipoichovya tena katika rangi nyeupe, michirizi ya rangi ya chai ikanifuata ukutani. Mtu anayetaka kupaka mlango wa banda la kuku kisha akaitupa brashi yake hana sababu ya kuikataa. Kwa ukuta wa ndani, mimi siinunui tena.

Brashi ya pili ilikuwa ya bei ya kati, yenye nywele nyeusi zilizopasuka ncha, na kwenye mpini wake paliandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana kwamba nywele hizo ni halisi. Nikaona nimepata kitu cha maana. Fundi niliyekuwa naye alipoitazama alirudi nyuma hatua moja. "Maalim, hiyo mimi siikamati mpaka tuijue," akaniambia, akachomoa unywele mmoja na kuuwashia kiberiti. Ukajikunja, ukanuka kama nywele za mtu zilizoungua, na ukabakisha majivu yanayosagika kwa vidole. Unywele wa brashi ya tatu alioufanyia vivyo hivyo uliyeyuka na kuwa kitone kigumu, kwa sababu asili yake ni plastiki. Nywele zinazoitwa halisi katika brashi za rangi kwa sehemu kubwa ni nywele za nguruwe, na nyingi hutoka China. Wenzetu wa Malaysia waliwahi kulishughulikia jambo hili hadharani: mwezi wa Februari 2017 maofisa wao walipita madukani na kukamata brashi zipatazo 2,000 zilizoshukiwa kuwa za nywele za nguruwe na zisizokuwa na alama ya kumjulisha mnunuzi.

Hukumu ya kifiqhi nawaachia wenye elimu yake, ingawa sote tunajua ukali wa madhehebu ya Shafii katika najisi ya mnyama huyo. Ninachoweza kukisemea ni upande wa kazi, na upande huo, kwa bahati, unaelekea huko huko. Unywele wa mnyama hunywa maji. Ukitiwa katika rangi ya maji huvimba, hulegea na kupoteza ncha yake, na brashi ikaanza kupaka kama kitambaa kilicholowa. Mahali pake hasa ni rangi ya mafuta na vanishi, ambako sifa yake ya kuacha uso laini haikanushiki. Kwa kuwa kuta za ndani siku hizi karibu zote hupakwa rangi ya maji, brashi hiyo isingekuwa na kazi kubwa kwangu hata kama suala la najisi lisingekuwapo. Niliirudisha ikiwa haijaguswa na rangi, na muuzaji, kwa uungwana wake, akaipokea. Nilimshauri aziweke peke yake na kuziandika wazi. Nilipopita tena baada ya miezi miwili niliziona bado zimechanganywa na nyengine, hivyo anayenunua achukue kiberiti chake.

Brashi ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Nywele zake ni mchanganyiko wa nailoni na poliesta, bati lake ni la chuma kisichoshika kutu, na mpini wake ni wa mbao isiyopakwa kitu. Bei yake ilikaribia mara sita ya ile yenye mpini mwekundu, na nakiri kwamba niliishika na kuirudisha rafuni mara mbili kabla ya kufungua pochi. Mchanganyiko huo una sababu: nailoni hudumu sana lakini hulegea ikipata joto, na poliesta ndiyo inayobakia na ugumu wake jua linapokuwa kali, jambo ambalo mtu anayepaka ukuta wa nje saa sita mchana wa kaskazi atalitambua bila ya kuelezwa. Kwa kuchovya mara moja nilipaka urefu wa mkono mzima, na kwenye maungio ya ukuta na dari nilipitisha mstari bila ya selotepu, kazi ambayo kwa brashi ya kwanza sikuthubutu hata kuijaribu. Dosari zake ni mbili. Katika rangi ya mafuta ya mbao za madirisha iliacha mistari myembamba mpaka nilipoizimua rangi kidogo, na mpini wake, kwa kukosa vanishi, ulivimba kwa maji na kupata ufa mdogo penye tundu la kutundikia. Dosari hii ya pili niliitibu mwenyewe kwa vanishi ya tone moja, na kwa bei ile sikutarajia kufanya kazi ya kiwanda.

Lakini brashi ghali isiyooshwa vizuri hugeuka kuwa kijiti kama ile ya rahisi, na tofauti ni hasara tu. Uoshaji wenyewe huanza kabla ya kuchovya. Kwa rangi ya maji, lowesha nywele kwa maji safi na uzikung'ute mpaka zisidondoke. Maji yanayobaki huzuia rangi isipande hadi kwenye shina. Kisha chovya theluthi moja ya urefu wa nywele, au nusu ukizidisha, na uibonyeze brashi pembeni mwa kopo. Rangi inayofika kwenye bati hukauka huko ndani, ambako kidole hakifiki, na siku baada ya siku huzisukuma nywele nje mpaka brashi inachanua kama ua. Wengi husema brashi imezeeka, wakati imevimbiwa. Wakati wa joto kali mimi husimamisha kazi kila baada ya saa moja na nusu hivi, nikaisuuza brashi, nikaikung'uta na kuendelea.

Kazi ikimalizika, rangi iliyobaki kwenye nywele irudishwe koponi kwa kukamulia ukingoni, kisha brashi ipitishwe kwenye gazeti kuukuu mpaka iache alama hafifu, na hapo ndipo iingie kwenye ndoo. Maji yawe ya kawaida, na sabuni iwe ya maji au ya kipande. Vidole vifanye kazi kwenye shina karibu na bati, si kwenye ncha peke yake. Fundi wangu ana kitana cha zamani cha meno mapana anachokitumia kwa kazi hii tu, na baada ya kumwiga nimeona ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote kwa bei yake. Kipimo cha usafi ni kuminya shina kwa nguvu: ikiwa bado linatoka tone jeupe kama tui, rudia. Baada ya hapo izungushe brashi kati ya viganja viwili ndani ya ndoo tupu ili maji yaruke, zinyooshe nywele ziwe na umbo lake, na uitundike kivulini nywele zikitazama chini. Ukiisimamisha nywele juu, maji hushuka ndani ya bati na kuuvimbisha mpini.

Maji yetu yenyewe yanataka neno. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya jiwe la matumbawe, ambalo ni jiwe la chokaa, kwa hiyo maji mengi ya visima ni magumu: sabuni haitoi povu la kutosha na hubakisha ute wa kijivu. Brashi niliyoiosha kwa maji ya kisima cha Fuoni ilikauka ikawa kavu na ngumu kana kwamba imepakwa wanga, nikadhani nimeiharibu. Dawa yake ilikuwa kijiko cha siki ndani ya maji ya mwisho ya kusuuzia, au maji ya mvua kwa aliyekinga. Walio karibu na pwani, ambao visima vyao vina chumvi, wasiyatumie maji hayo hata kidogo kwa brashi na rola zenye chuma.

Rangi ya mafuta ina njia yake. Mafuta ya taa au tapentaini hutiwa katika makopo matatu, na brashi hupita koponi moja baada ya jengine, la kwanza likichafuka sana na la tatu likibaki karibu safi. Ukiyaacha makopo hayo usiku kucha, rangi hutuama chini na mafuta ya juu unaweza kuyamimina na kuyatumia tena. Masimbi hayo usiyamwage shimoni wala uani, kwani jiwe letu lina nyufa nyingi na kinachomwagwa juu huweza kufika kwenye maji tunayoyateka. Yaache yakauke ndani ya mchanga kisha uyatupe na taka kavu. Hatua ambayo wengi huiruka ni ya mwisho, ya kuiosha brashi kwa sabuni na maji baada ya mafuta ya taa. Mimi niliiruka mara moja, na siku iliyofuata rangi ya maji ilikimbia ukutani kama maji juu ya jani la mgomba. Na aliyetumia mafuta ya kitani kulisha mlango wa nakshi asivikunje vitambaa vyake na kuvitupa pembeni: mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichosongwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kianikwe kikiwa kimetandazwa mpaka kikauke.

Mtu akisimama kwa ajili ya sala, chakula au usingizi wa usiku mmoja, hana haja ya kuosha kabisa. Brashi na rola hufungwa kwa mfuko wa nailoni, hewa ikakamuliwa, na kuwekwa mahali pa baridi; hata friji inafaa, ikiwa mama wa nyumba ataridhia, na wangu hakuridhia.

Kwa upande wa rola, ile ya kwanza ilikuwa na manyoya mafupi yaliyozungushwa juu ya bomba la karatasi ngumu. Niliiloweka ndani ya ndoo usiku mmoja, na asubuhi bomba lilikuwa uji. Kabla ya kufa kwake ilikuwa imekwisha kunionesha aibu nyengine: mkono wake wa waya mwembamba ulipinda nilipoongeza nguvu, rola ikalemea upande mmoja, na kila ilipopita ikaacha mstari mnene ukingoni. Rola ya pili ina manyoya ya kutengenezwa ya milimita 12 juu ya bomba la plastiki, na mkono wake una skurubu inayopokea mpini mrefu, hivyo dari nilipaka nikiwa nimesimama chini. Urefu wa manyoya ndio jambo la kuuliza dukani. Ukuta uliopigwa puti ukawa laini unataka milimita 6 mpaka 9, plasta ya kawaida inaridhika na 12, na ukuta wa nje ulioachwa mkwaruzo unahitaji 18 au zaidi ili rangi ifike mashimoni. Muuzaji wangu hakujua tofauti hizo. Alizipanga kwa bei. Rola mpya yoyote, hata nzuri, hutoa vumbi la manyoya, kwa hiyo ioshe na kuikausha kabla ya kazi ya kwanza, au izungushie selotepu na uibandue mara mbili tatu.

Kasoro ya rola ni maji. Kuisafisha ile ya milimita 12 kulinigharimu ndoo mbili nzima baada ya kuikwangua kwa mgongo wa skrepa, na kwa mtaa ambao bomba hutoa maji kwa zamu hiyo si gharama ndogo. Yafaa kuikamua kwa mkono ndani ya ndoo ya kwanza mpaka maji yawe mazito, na kuyahifadhi maji hayo kwa kulowesha rola siku inayofuata ikiwa rangi ni ile ile.

Huko Kiponda hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivi kilichonifaa, na nasema hivi bila ya kukilaumu chochote. Kuta za nyumba za Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya unyevu kutoka ardhini na huhitaji kuutoa kwa hewa. Rangi ya plastiki, yaani hii rangi ya maji ya madukani, huuziba unyevu huo ndani, na baada ya misimu michache hufanya malengelenge na kubanduka pamoja na plasta. Zilihitaji chokaa. Nacho chokaa ni kikali: huila brashi ya nywele za mnyama, hulishambulia trei la alumini, na kikiruka jichoni ni hatari, kwa hiyo miwani isiachwe nyumbani. Mzee mmoja wa mtaani, fundi wa siku nyingi, alituletea makumbi ya nazi yaliyolowekwa, akayaponda ncha kwa nyundo mpaka usumba ukafunguka, akayafunga kwa kamba kwenye vijiti. Brashi hizo hubeba chokaa chepesi kwa wingi na kukisukuma ndani ya mashimo ya jiwe. Tuliulowesha ukuta kwanza, tukapaka mikono mitatu myepesi, kila mmoja ukisubiri siku yake. Anayepaka chokaa kwa mara ya kwanza asikate tamaa: kikiwa kibichi huonekana kama maji machafu, na weupe wake huja kinapokauka. Vijiti vyetu tulivisuuza kwa maji mengi, na mikono yetu kwa maji yenye siki. Gharama ya brashi hizo ilikuwa sifuri.

Vilivyobaki havinichukui muda. Trei la plastiki linatosha, hasa ukilitandika nailoni kabla ya kumimina rangi. Skrepa hupanguswa kwa mafuta ya kupikia kabla ya kuwekwa, la sivyo hula kutu ndani ya wiki. Selotepu ya karatasi niliyonunua haikuwa mbaya, lakini niliiacha siku mbili kwenye dirisha linalopigwa na jua la asubuhi, na nilipoibandua ikaondoka na rangi ya zamani. Ibanduliwe siku hiyo hiyo, rangi ikiwa haijakauka kabisa.

Kwa anayeniuliza anunue nini, jibu langu ni brashi moja ya nailoni na poliesta yenye bati lisiloshika kutu, rola moja yenye bomba la plastiki, na kitana. Brashi yangu ya tatu, baada ya kazi nne, imepungua urefu wa nywele kwa kiasi kisichonikera, na bado inapiga mstari. Sasa imetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa stoo, imefungwa kwa gazeti, na chini yake kuna ndoo yenye makumbi sita ninayoyaloweka tangu wiki iliyopita, kwa kuwa chumba cha tatu cha Kiponda kinangoja kabla ya masika kuingia.